Kumfadhili mtafiti chipukizi wa ugonjwa adimu wa mifupa: mwongozo kamili kwa taasisi ndogo za wagonjwa

Osteojenesisi impafekta, kwa kifupi OI, humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Mifupa huvunjika kwa jambo dogo, wakati mwingine kwa kumbadilisha mtoto nepi tu. Weupe wa macho huweza kuwa wa buluu, meno humomonyoka kwa baadhi yao, na wengi hupungukiwa na usikivu ukubwani. Kwa sehemu kubwa ya wagonjwa chanzo ni hitilafu kwenye moja ya jeni mbili, COL1A1 na COL1A2, zinazoelekeza utengenezaji wa kolajeni ya aina ya kwanza, ambayo kazi yake ndani ya mfupa ni kama ya nondo ndani ya zege.

Ugonjwa wa watu wachache huwa na watafiti wachache, na hao wachache hukimbia mapema. Kijana anamaliza shahada ya uzamivu, anafanya kazi nzuri ya OI kwa miaka miwili, kisha anahamia saratani au kisukari kwa sababu huko ndiko kuliko na fedha. Ufadhili wa mtafiti chipukizi unakusudia kulizuia hilo. Mwongozo huu ni kwa taasisi au kikundi cha familia za wagonjwa kinachotaka kuweka fedha zake hapo. Mifano ni ya OI, na taratibu ni za Marekani na Uingereza zaidi, kwa kuwa huko ndiko mifuko ya namna hii imekomaa. Mwenye ugonjwa mwingine adimu wa mifupa atabadilisha majina ya jeni na ya panya wa maabara, yaliyobaki yanamfaa.

Kwanza: mnalipia mtu au mnalipia mradi?

Ruzuku ya mradi hulipia kazi fulani iishe. Ufadhili wa mtafiti hulipia mtu akue hadi ajitegemee. Taasisi nyingi changa huvichanganya: hutangaza ufadhili wa mtafiti, kisha huchagua kwa kuangalia mradi tu. Matokeo yake ni kwamba profesa mkubwa anaandika andiko la mradi, jina la kijana linawekwa juu, na kijana anageuzwa fundi wa maabara. Amueni mapema, muandike kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ikae juu ya tangazo, fomu ya uhakiki na mkataba: "Fedha hizi ni za kumsaidia mtafiti aliye mwanzoni mwa safari yake abaki kwenye utafiti wa OI hadi apate fedha zake mwenyewe." Kila mkikwama kwenye uamuzi, rudini kwenye sentensi hiyo.

Swali la pili ni kama mnahitaji mfuko wenu kabisa. OI Foundation ya Marekani, iliyoanzishwa 1970, ina mpango wa ufadhili wa Michael Geisman kwa watafiti chipukizi. Brittle Bone Society ya Uingereza ipo tangu 1968. Kwa ugonjwa wa misuli na kano kugeuka mfupa, yaani FOP, ipo IFOPA tangu 1988. Taasisi kama hizi tayari zina wahakiki, mikataba na uzoefu wa kugombana na vyuo. Kama mnachokusanya ni chini ya dola 100,000 kwa mwaka, changieni kwenye mpango uliopo kwa makubaliano ya maandishi kwamba fedha zenu zitamlipa mtafiti wa OI na si gharama za ofisi, na ombeni kiti kimoja kwenye kamati ya uhakiki. Huo si unyonge. Kuendesha mfuko wenyewe kunakula muda wa watu wanne au watano wa kujitolea mwaka mzima.

Hesabu za fedha

Anzeni na posho, kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo inayokosewa. Marekani, vyuo vingi hufuata kiwango cha NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya. Mwaka 2024 kiwango hicho kwa aliyemaliza uzamivu na asiye na uzoefu zaidi kilikuwa dola 61,008. Mkitoa dola 45,000, lazima mtu mwingine ajaze pengo, na mtu huyo ni profesa mwenye maabara. Akijaza, atataka kazi yake ifanywe. Hapo ndipo muda wa kijana unapoibwa.

Mfano wa bajeti ya mwaka wa kwanza, ambao mtaubadilisha kwa bei za chuo husika:

- Posho: dola 61,008
- Bima ya afya na mafao: dola 12,000
- Vifaa vya maabara, panya na vipimo: dola 15,000
- Mkutano mmoja wa kitaaluma: dola 2,000

Jumla ni dola 90,008. Ongezeni asilimia 10 ya gharama za uendeshaji za chuo, inakuwa dola 99,009. Mwaka wa pili, posho ikipanda kwa asilimia 3, jumla inafika dola 101,022. Kwa hiyo mtafiti mmoja kwa miaka miwili ni dola 200,031. Fedha yote ya miaka miwili iwe benki kabla ya kutangaza. Kutegemea mbio za hisani za mwakani kulipa mshahara wa mtu aliyehamisha familia yake kwa ajili yenu ni kumdhulumu.

Kuhusu gharama za uendeshaji, vyuo vya Marekani vina viwango vilivyokubaliwa na serikali ambavyo mara nyingi huzidi nusu ya gharama za moja kwa moja. Msitishike. Vingi hukubali kiwango cha chini cha taasisi ya hisani mradi kimeandikwa kwenye sera iliyo wazi kwa wote. NIH yenyewe hulipa asilimia 8 tu kwenye ruzuku zake za kukuza watafiti, na hiyo ni hoja nzuri mezani. Andikeni pia asilimia hiyo ni ya nini. Ukomo wa ufadhili wenu ukiwa dola 100,000 na kiwango kikawa asilimia 10 ya jumla, mtafiti anabakiwa na dola 90,000. Kikiwa asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja, anabakiwa na dola 90,909. Tofauti ni ndogo, lakini barua pepe za kubishana juu yake huchelewesha mkataba kwa mwezi mzima. Uingereza mambo ni mepesi zaidi: taasisi za hisani zilizo chini ya AMRC, umoja wa taasisi za hisani zinazofadhili utafiti wa tiba, hazilipi gharama hizo, na kwa vyuo vya England serikali ina fungu la kufidia.

Wapo watakaoshauri mfuko wa kudumu, kwamba mtaji ukae na faida yake ndiyo itumike. Mkitumia asilimia 4 kwa mwaka, mtaji wa kutoa dola 100,000 kila mwaka ni dola milioni 2.5. Kwa ugonjwa adimu, fedha inayotumika leo kumbakisha mtu mmoja ina faida kuliko mtaji unaojengwa kwa miaka 20.

Jambo la kodi lisipuuzwe. Marekani, mfuko unaotegemea familia moja au mfadhili mmoja hauruhusiwi kumpa mtu binafsi fedha za masomo au utafiti kabla taratibu zake za uteuzi hazijaidhinishwa na IRS, mamlaka ya kodi ya huko, chini ya kifungu cha 4945(g) cha sheria ya kodi. Njia rahisi ni kulipa chuo badala ya mtu, na chuo kiwe na sauti yake katika kumwajiri na kumsimamia. Taasisi inayochangiwa na umma haibanwi na kifungu hicho, lakini hata yenyewe ilipe chuo.

Kisha kuna mtego ambao kijana mwenyewe haujui mpaka umnase. Anapotoka kwenye mshahara wa maabara na kuingia kwenye posho ya ufadhili, baadhi ya vyuo humhesabu si mwajiriwa tena. Anapoteza mchango wa pensheni, bima ya familia hubadilika, na kodi haikatwi kwenye malipo yake. Inapofika Aprili, mwezi wa kuwasilisha hesabu za kodi, anakuta deni la maelfu ya dola, kwa sababu hakuambiwa alipe makadirio kila robo mwaka. Mwenye viza ya J-1, ya wageni wa kubadilishana ujuzi, ana sharti la bima ya afya yeye na familia aliyokuja nayo. Ulizeni chuo kwa maandishi kabla ya kusaini: "Mtafiti huyu akipokea fedha zetu, atabaki mwajiriwa mwenye mafao yaleyale?" Jibu likiwa hapana, ongezeni fungu la bima au ombeni fedha zipitie kwenye mshahara.

Nani aruhusiwe kuomba

Dirisha la miaka ndilo kiini cha sifa. Ruzuku ya NIH ya K99/R00, ambayo ndiyo daraja kuu la kumvusha mtafiti hadi maabara yake, huombwa kabla ya kutimiza miaka 4 ya utafiti baada ya uzamivu. Mkimfadhili mtu aliye mwaka wa nne, fedha zenu zinaanza huku mlango ukifungwa. Basi wekeni ukomo: asiwe amezidisha miaka 3 tangu amalize uzamivu siku ya kufunga maombi. Ulaya kuna nafasi zaidi, kwa kuwa ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie hukubali hadi miaka 8 ya uzoefu wa utafiti baada ya uzamivu. Kwa daktari, hesabu ianze alipomaliza mafunzo ya ubingwa. Likizo ya uzazi, ugonjwa na utumishi wa lazima vitolewe kwenye hesabu, na tangazo liseme hivyo waziwazi, maana wengi hujikata wenyewe bila kuuliza.

Msiweke sharti la uraia, labda sheria iwalazimishe. Wala msidai mwombaji awe ameshafanya kazi ya OI. Mtu aliyesomea mitambo ya kupima nguvu za vifaa, au upachikaji wa jeni kwenye ini, anaweza kuleta kitu ambacho maabara za OI hazina. Sharti liwe kwa mlezi wake, yaani mwanasayansi mwandamizi anayemsimamia: awe na rekodi ya kulea vijana, na kama hana ujuzi wa mifupa, pawepo mlezi wa pili mwenye ujuzi huo.

Asilimia 75 ya muda wa mtafiti iwe kwenye kazi hii. Kwa daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa hilo mara nyingi haliwezekani, kwa hiyo mruhusuni asilimia 50 na barua ya mkuu wa idara inayotaja siku za wiki ambazo hatapangiwa wagonjwa. Barua inayosema "tutamlindia muda wake" bila kutaja siku haina thamani yoyote.

Tangazo na kalenda

Mzunguko mzima huchukua miezi 10 hadi 12. Andiko la awali la kurasa mbili mwezi wa kwanza na wa pili, uchujaji mwezi wa tatu, maombi kamili mwezi wa nne na wa tano, uhakiki hadi wa saba, uamuzi wa bodi mwezi wa nane, mkataba hadi wa kumi. Wanaoanza hukosea mwishoni: hudhani mkataba utasainiwa kwa wiki mbili. Ofisi za ruzuku za vyuo huchukua wiki 6 hadi 10, na kibali cha kamati ya maadili au ya wanyama kinaweza kwenda zaidi ya hapo.

Andiko la awali linaokoa watu. Mwombaji asipoteze wiki sita akiandika jambo lisilowahusu ninyi. Liwe na sehemu tatu tu: mtu ni nani na anataka kufika wapi, swali la utafiti, na jina la mlezi pamoja na orodha ya vijana aliowalea miaka 10 iliyopita na waliko sasa. Orodha hiyo ya mwisho husema mengi kuliko barua za sifa. Mlezi aliyelea vijana wanane na hakuna hata mmoja aliyejitegemea amejieleza mwenyewe.

Uhakiki

Uwanja wa OI ni mdogo mno kiasi kwamba kila mtu ameshaandika makala na kila mtu. Sheria ya mgongano wa maslahi iwe fupi na isiyo na huruma: aliyeandika makala pamoja na mwombaji au mlezi ndani ya miaka 3, aliye chuo kimoja nao, au aliyewahi kuwa mwalimu au mwanafunzi wao, hatoi alama na anatoka chumbani maombi hayo yakijadiliwa. Mkiona wahakiki wanaisha, tafuteni nje ya OI: wataalamu wa osteoporosisi, wa kolajeni, wa magonjwa ya tishu unganishi kama Marfan. Wahakiki watatu kwa kila maombi wanatosha, na mmoja asiwe mtu wa OI hata kidogo.

Alama 100 zigawanywe hivi: mwombaji 40, mlezi na maabara 30, mradi 20, umuhimu kwa wagonjwa 10. Wanasayansi watalalamika kwamba mradi umepewa kidogo. Waacheni walalamike, mradi wa kijana hubadilika ndani ya miezi sita, yeye habadiliki. Jambo jingine dogo linaloharibu kikao ni mwelekeo wa alama. NIH hutumia 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Mzazi wa mgonjwa aliyekaa kwenye kamati atatoa 9 akidhani amesifu. Chagueni mwelekeo mmoja na uchapwe juu ya kila fomu.

Wagonjwa na wazazi wawemo, lakini wapewe kazi wanayoijua: muhtasari wa lugha nyepesi, na swali la kama jambo linalochunguzwa linagusa maisha. Maumivu, uchovu, mifupa ya watu wazima na usikivu ni mambo ambayo wagonjwa huyapa uzito kuliko maabara nyingi. Wajihadhari na ahadi ya tiba ndani ya miaka miwili, hasa ikiandikwa kwa uhodari. Pamidronati ni mfano mzuri. Mwaka 1998 timu ya Francis Glorieux huko Montreal ilichapisha matokeo yake kwa watoto wenye OI kali, na kundi hilo la dawa, bisfosfonati, likawa tiba ya kawaida. Zinaongeza uzito wa madini kwenye mfupa bila shaka, lakini ushahidi kwamba hupunguza kuvunjika kwa uthabiti haujakamilika hata leo. Kwa hiyo mwombaji anayesema dawa yake "inaongeza msongamano wa mfupa" aulizwe mara moja: na nguvu yake? Ameipimaje?

Kusoma mpango wa panya

Hapa ndipo kamati ya watu wasio wa maabara hudanganyika, na hesabu yenyewe ni ya darasani tu.

Tuseme mwombaji anataka kujaribu dawa kwa panya wa aina ya oim. Panya hao wana hitilafu kwenye jeni ya Col1a2 inayohitaji kurithiwa kutoka pande zote mbili. Anataka panya 10 kwa kila kundi, dume na jike, wagonjwa na wazima, wenye dawa na wasio na dawa: 10 × 2 × 2 × 2, ni panya 80, nusu yao wagonjwa. Akizalisha kwa wazazi wabebaji, yaani wenye hitilafu ya upande mmoja tu, mtoto mmoja tu kati ya wanne ndiye mgonjwa. Kupata wagonjwa 40 anahitaji watoto 160. Kwa wastani wa watoto 6 kwa uzao, hizo ni zao 27. Mimba ni kama wiki 3, kuachishwa ziwa wiki 3 tena, na mifupa kwa kawaida hupimwa wakiwa na wiki 12. Kuanzia kupandisha hadi sampuli ya kwanza ni wiki 15, bila kuhesabu kibali cha kamati ya wanyama wala miezi ya kuwapata panya wenyewe kama kizazi chao kimehifadhiwa kama viinitete vya barafu. Kisha vipimo vya skana ndogo ya CT, kupinda mfupa hadi uvunjike, na uchambuzi.

Hiyo ni raundi moja, na mwaka umekwisha. Ndiyo sababu ufadhili wa mwaka mmoja kwa kazi ya panya hauna maana: kosa moja, ugonjwa mmoja kwenye chumba cha wanyama, na kijana ameondoka mikono mitupu. Toeni miaka miwili au msitoe.

Fedha nazo zihesabiwe hivyohivyo. Vizimba 40 kwa dola moja kwa kizimba kwa siku ni dola 14,600 kwa mwaka. Fungu lote la vifaa la dola 15,000 limeliwa na malazi ya panya kabla ya kununua dawa.

Ulizeni pia kwa nini panya huyo. Wagonjwa wengi wa OI wana hitilafu inayorithiwa kutoka upande mmoja, mara nyingi glaisini moja ikiwa imebadilishwa na asidi amino nyingine. Panya wa aina ya Brtl alitengenezwa kwa mfano huo, na nusu ya watoto huwa wagonjwa, ingawa baadhi hufa mara tu wanapozaliwa. Mwombaji aliyechagua oim kwa sababu tu wapo kwenye chumba cha jirani ajieleze.

Kazi za wagonjwa zina hesabu yake. Jaribio linalosubiri mifupa ivunjike ili kulinganisha makundi halitoshi ndani ya miaka miwili kwa ugonjwa wa watu wachache. Mtafiti chipukizi atumie takwimu zilizokwisha kukusanywa, mathalani za Brittle Bone Disorders Consortium ya Amerika Kaskazini, na aambatanishe barua kwamba atazipata.

Mkataba

Mkataba uwe kati ya taasisi na chuo, na mtafiti na mlezi wasaini kwamba wameusoma. Vipengele visivyokosekana:

Mlezi akihama chuo, fedha zinamfuata mtafiti, si mlezi. Mtafiti akipata ufadhili mkubwa zaidi, asiadhibiwe. Hilo ndilo mlilotaka. Posho yenu inasimama, na fungu la vifaa linaweza kuendelea kwa barua yenu. Likizo ya uzazi inasogeza tarehe ya mwisho bila kupunguza fedha. Mtafiti akiacha kazi, chuo kinarudisha salio ndani ya siku 60. Hakiruhusiwi kumweka mtu mwingine kimyakimya, na hili hutokea zaidi ya mnavyodhani.

Malipo yatoke kila miezi sita. Kuzuia asilimia 10 ya mwisho hadi ripoti ifike ni sawa, ila izuiwe kwenye fungu la vifaa. Mkiizuia kwenye posho, anayekosa kodi ya nyumba ni kijana, si ofisi ya chuo iliyochelewesha hesabu.

Juu ya hataza, acheni umiliki kwa chuo na mdai kuarifiwa tu. Familia nyingi husikia habari ya Cystic Fibrosis Foundation, iliyouza haki zake za mrabaha kwa dola bilioni 3.3 mwaka 2014, zikadhani nazo zidai mgawo. Fedha zile zilitokana na uwekezaji mkubwa wa miaka mingi kwenye kampuni ya dawa. Kudai mgawo kwenye posho ya dola 61,000 kutawapotezea miezi minne na wanasheria wa chuo, na waombaji wazuri wataenda kwingine.

Mtafiti akifanya kazi Afrika

Sababu za kisayansi za kumpeleka mtafiti Afrika zipo, wala si za hisani. Kwa Waafrika weusi wa Afrika Kusini, sehemu kubwa ya OI kali ya aina ya tatu inatokana na hitilafu ya jeni ya FKBP10, inayorithiwa pande mbili. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba karibu asilimia 1.5 ya watu waliopimwa Ghana na Nigeria hubeba hitilafu moja ya jeni ya P3H1, ambayo nayo huleta OI ikirithiwa pande mbili, na kwamba hitilafu hiyohiyo ipo kwa Wamarekani weusi kwa asilimia 0.4, ikiwa imevuka bahari pamoja na watumwa. Kipimo cha jeni kinachoangalia COL1A1 na COL1A2 tu kitawakosa wagonjwa hawa wote. Afrika Mashariki nayo inastahili kuchunguzwa kwa macho hayohayo.

Vibali ndivyo vinavyovunja kalenda. Tanzania, utafiti wa afya hupitia kamati ya maadili ya taasisi husika na ya taifa chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, mtafiti mgeni huhitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na sampuli haziondoki nchini bila mkataba wa kuhamisha sampuli. Kenya, ni kamati ya maadili iliyosajiliwa kwanza, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya huko. Taarifa za wagonjwa zinalindwa na sheria, ya 2019 kwa Kenya na ya 2022 kwa Tanzania, na picha ya eksirei yenye jina la mtoto pembeni ni taarifa binafsi. Saa ya ufadhili ianze kuhesabiwa siku kibali cha mwisho kinapotoka. Mtafiti mgeni awe na mwenzake wa hapo, kwa mfano wa chuo kikuu cha afya cha MUHAS au hospitali ya KCMC huko Tanzania, ambaye jina lake liko kwenye andiko na fungu lake liko kwenye bajeti. Mwenzake anayekumbukwa siku ya kuomba kibali tu atafanya kazi kwa kiwango hichohicho cha kukumbukwa.

Ufuatiliaji

Ripoti ya kwanza iombwe mwezi wa sita, ukurasa mmoja: nini kimefanyika, nini kimekwama, nini kimebadilika. Badiliko la mradi likielezwa vizuri, liidhinisheni siku hiyohiyo. Mwezi wa tisa, mtu mmoja wa kamati azungumze na mtafiti bila mlezi kuwepo, amuulize siku ngapi za wiki iliyopita alifanya kazi ya OI. Jibu la siku mbili ni sababu ya kumpigia mlezi simu.

Mwezi wa 12 mtafiti awe na rasimu ya ombi lake la fedha nyingine. Mpeni mhakiki wa kuisoma bure. Huu ni msaada usiogharimu kitu na unaothaminiwa kuliko safari ya mkutano. Mpelekeni pia mara moja akae na familia za wagonjwa. Wapo watu wa maabara waliopima maelfu ya mifupa ya panya bila kumwona mtu mwenye OI.

Baada ya ufadhili kwisha, ulizeni kila mwaka kwa miaka 5: yuko wapi, amepata fedha gani, bado anafanya OI, ameanza kulea nani. Ili makala zake zipatikane, mpeni namba moja ya ufadhili na mkataba umtake aiandike kwenye kila chapisho. Iandikwe vilevile kila mahali, pamoja na jina la taasisi lisilofupishwa. Makala tatu zikilitaja jina hilo kwa namna tatu, atakayetafuta kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, atapata moja.